Jinsi ya kumpiga picha papa potwe pale Mafia (na kasa, na pweza) bila kumsumbua

Mara ya kwanza nashuka majini pale Kilindoni, mji wa kisiwa cha Mafia, Tanzania, nilirudi na picha zaidi ya 200 na karibu zote ni mkia. Mkia unaondoka, mkia ndani ya povu, mkia na pezi la mwenzangu limeingia kwenye fremu. Nilipiga mapezi kwa nguvu zangu zote kumfuata papa ambaye yeye hata haraka hakuwa nayo, anakula zake taratibu tu, na bado sikumfikia. Nahodha wetu, mzee wa palepale, aliponivuta kupanda botini akaniambia, "Mwanangu, yule hafukuzwi. Kaa mbele yake utulie, atapita mwenyewe." Safari iliyofuata nikafanya hivyohivyo na ndo nikapata picha yangu ya kwanza yenye jicho. Kwahiyo yote nayoandika hapa, mpaka ya kamera, yanarudi kwenye maneno ya yule mzee. Ukitulia unapata, ukikimbiza unakosa na unamsumbua kiumbe wa watu.

Hatua ya 1: jua unamtafuta nani na anapatikana lini

Papa potwe (Kenya wengi wanamwita papa shilingi kwa yale madoa yake meupe kama sarafu zilizomwagwa mgongoni) ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kupita mita 12. Wanaoonekana Mafia wengi wao ni madume ambao bado hawajakomaa, mita 4 hadi 9 hivi. Msimu ni kuanzia Oktoba hadi Februari, ukichelewa mwanzoni mwa Machi, upande wa magharibi wa kisiwa karibu kabisa na Kilindoni, yaani uko majini na mji unauona. Wanafuata uduvi na vijidudu vingine vidogo vinavyoelea. Zamani watu tulidhani msimu ukiisha wanahama, ila watafiti waliwafunga vifaa vya kutoa mlio na mwaka 2015 wakachapisha kwamba wengi wao wapo hapohapo mwaka mzima, wanachofanya ni kusogea mbali kidogo na kukaa kina kirefu tusipowaona.

Kitu kimoja watu wengi hawakijui, Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ile iliyoanzishwa 1995 ambayo ndiyo ya kwanza Tanzania, iko zaidi upande wa kusini na mashariki, kule Utende na Chole. Papa wanakula nje ya mipaka yake. Maana yake pale Kilindoni nidhamu yako na ya nahodha wako ndo ulinzi mkubwa alionao yule samaki, kwahiyo chagua nahodha vizuri kuliko unavyochagua kamera.

Ukiwa Mafia usiishie kwa papa, nenda na upande wa Chole kwa ajili ya matumbawe na kasa. Walioko Kenya mna Watamu na Malindi ambazo ni hifadhi tangu 1968, na Kisite-Mpunguti ukitokea Shimoni kwa ajili ya pomboo. Zanzibar kuna Chumbe na Mnemba. Na kuanzia Julai hadi Oktoba nyangumi wa nundu wanapita pwani yetu kuja kuzaa, ila hao waangalie ukiwa botini tu.

Hatua ya 2: hesabu mwezi kabla hujakata tiketi

Hapa ndo watu wengi wanapoharibu. Mtu anaangalia likizo yake, anaangalia bei ya boti, anakuja, anakuta maji ni kama chai ya maziwa, analaumu kamera.

Wavuvi wetu wanahesabu mwezi wa kuandama. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yaani siku ya 1 na ya 15 ya mwezi huo na siku chache baada yake, ni bamvua. Maji yanapwa sana na yanajaa sana, tofauti inaweza kukaribia mita 4, mkondo unakuwa mkali na maji yanabeba mchanga na tope. Na kwa ukanda wetu huu siku za bamvua maji yanakuwa yamepwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, si unaona akina mama wa mwani wanavyotoka wote asubuhi hizo? Sasa hiyo saa nne ndo ile saa ambayo wewe ulitaka jua zuri na maji safi.

Maji mafu ni siku ya 7 na 8 ya mwezi huohuo wa kuandama, na tena ya 22 na 23. Hapo maji hayaendi mbali, mkondo umelegea, na yanajaa karibu na saa nne asubuhi. Maji yanayojaa yanatoka bahari kuu, ni masafi zaidi kuliko yale yanayotoka mikokoni wakati wa kupwa. Kwahiyo kwa picha za matumbawe, kasa na pweza panga safari yako iangukie siku hizo, ingia majini saa tatu hivi wakati yanamalizia kujaa. Mi nimeona tofauti ya mchana na usiku, sehemu ileile, wiki moja tu kati.

Upepo nao uangalie. Kusi likivuma, kati ya Mei na Septemba, bahari ya nje inachafuka. Kaskazi, Desemba hadi Machi, asubuhi mara nyingi kunakuwa shwari alafu upepo unaamka mchana. Kati ya hizo pepo mbili kuna kipindi cha matlai, Oktoba na Novemba, bahari inalala kabisa, na ndo mwanzo wa msimu wa papa. Ukiniuliza mwezi mmoja wa kwenda nakwambia Novemba. Masika usiende, mto Rufiji unamwaga maji ya tope mkabala na Mafia na hutaona hata mkono wako.

Ila kwa papa usitegemee maji ya kioo. Anakuja kwasababu maji yamejaa chakula, na maji yaliyojaa chakula yana ukungu wa kijani. Ukikubali hilo mapema utaacha kujaribu kupiga picha kwa mbali.

Hatua ya 3: uandae mwili kwanza

Kama hujui kuogelea jifunze kwanza, sio siku ya safari, miezi kabla. Kama unajua kidogo vaa laifujaketi na hakuna aibu yoyote, unaweza kupata picha nzuri ukiwa unaelea juu kwasababu papa potwe anakula juu juu.

Maski ndo kifaa muhimu kuliko kamera. Iweke usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, ikiganda ni yako, ikidondoka tafuta nyingine. Mpya ina utando kutoka kiwandani unaofanya kioo kijae ukungu, usugue kwa dawa ya meno ya kawaida mara mbili tatu. Alafu kila ukishuka tema mate kwenye kioo, zungusha kidole, suuza kidogo.

Nguo vaa taiti na tishirti ya mikono mirefu inayobana. Akina dada msishuke na dera au kanga, majini linajizungusha miguuni na linakuvuta chini. Nguo ndefu inakukinga na jua na yavuyavu, na inakupunguzia kujipaka mafuta ya jua, ambayo baadhi yana kemikali zinazodhuru matumbawe.

Hili la pumzi naomba ulisome mara mbili. Ukitaka kuzama kidogo kumpiga picha kasa kutoka chini, usivute pumzi harakaharaka nyingi kabla ya kuzama ukidhani unajaza hewa. Unachofanya ni kupunguza ile hewa chafu mwilini ambayo ndiyo inakuambia panda, kwahiyo unaweza kuzimia majini bila dalili yoyote, hata kwa muogeleaji hodari, hata kwenye kina cha mita 3. Pumua kawaida, shuka, panda mapema, pumzika juu muda mrefu kuliko uliokaa chini, na mwenzako awe anakuangalia muda wote. Usizame peke yako. Hakuna picha ya thamani hiyo.

Hatua ya 4: kamera, na huu uzi mwembamba unaoitwa oringi

Huna haja ya vitu vya mamilioni. Simu kwenye mfuko wa plastiki wa majini inatosha kuanzia, ila jua mambo mawili. Kioo cha kugusa hakifanyi kazi vizuri chini ya maji, kwahiyo fungua kamera kabla ya kushuka na upigie kwa kitufe cha sauti. Na ile IP68 ya simu (alama ya kwamba inahimili maji) inapimwa kwenye maji matamu yaliyotulia, sio ya chumvi, usishuke nayo bila mfuko. Fungia mfuko kipande cha boya la nyavu, pale Kilindoni vimejaa ufukweni, simu ikikuponyoka inaelea.

GoPro za miaka ya karibuni zinahimili mita 10 bila kava, na kamera ndogo kama Olympus TG-6 mita 15. Kwa kuogelea juu zinatosha sana. Ukitaka kina zaidi unahitaji hausingi, yaani boksi gumu la kufungia kamera maji yasiingie, na hausingi inategemea ile pete ya mpira, oringi.

Kamera yangu ya kwanza ilikufa kwa unywele mmoja tu. Nilifunga hausingi botini, upepo unavuma, sikuangalia, unywele ukalala juu ya oringi na kwenye mita 4 nikaona matone ndani ya kioo. Tangu siku hiyo nafunga nikiwa chumbani, feni imezimwa, mikono mikavu. Natoa oringi kwa kidole (sio kwa kisu), naifuta, napitisha ncha ya kidole mzunguko mzima kusikia kama kuna mchanga, napaka mafuta yake ya silikoni kidogo mno ya kung'arisha tu, narudisha. Ndani naweka kipakiti cha silika kile kinachokuja kwenye viatu vipya, kinazuia ukungu. Alafu jaribio, hausingi tupu yenye tishu ndani, ndoo ya maji, dakika 10. Tishu ikitoka kavu ndo kamera inaingia.

Hatua ya 5: mwanga na rangi

Maji yanakula rangi, na yanaanza na nyekundu. Ukifika mita 5 nyekundu imeshafifia sana, inafuata rangi ya chungwa, alafu njano, mwisho kila kitu ni bluu na kijani. Na hesabu sio kina peke yake, ni pamoja na umbali kati yako na unachopiga, maana mwanga unatoka juu, unafika kwa samaki, alafu unasafiri tena mpaka kwenye lenzi yako. Ndo maana kanuni kubwa ya picha za majini ni kupunguza maji yaliyo katikati. Tumia lenzi pana, usizumu kabisa. Na macho yanadanganya humo, kitu kinaonekana kama kimekusogelea kwa robo ya umbali wake, ukidhani uko mita 3 jua ziko 4.

Mipangilio yangu ni rahisi. Nahifadhi faili ghafi, yaani RAW, ili rangi niirudishe baadae kwenye programu. Spidi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) isipungue 1/250 ya sekunde kwa papa na kasa, pomboo 1/500, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) naiachia kamera yenyewe lakini naifunga isipite 800. Napiga mfululizo, picha kama tatu, nne, sio hamsini. Kama unatumia simu au GoPro unaweza kuweka filta nyekundu kwenye maji ya mita 3 hadi 15 hivi, juu kabisa ya maji itoe maana itafanya kila kitu kiwe cha waridi. Jua liwe mgongoni kwako, na jitahidi upige ukitazama juu kidogo au usawa wa macho ya mnyama, ukipiga kutoka juu kwenda chini unapata mgongo wa kijivu juu ya mchanga wa kijivu.

Flashi kwa papa na kasa hapana. Inamsumbua, na kwenye maji yale yenye uduvi inamulika kila chembe inayoelea, picha inakuwa kama mvua ya theluji.

Hatua ya 6: botini na majini

Kabla ya kuondoka kaa na nahodha muongee. Mwambie hutaki kumkimbiza papa, unataka akuweke mbele ya njia yake, mbali, azime injini. Nahodha mzoefu atafurahi kwasababu wengi wanampigia kelele asogee, asogee. Muulize usiku wavuvi wa dagaa walitupa nyavu wapi na kama uduvi umeonekana. Ndege wakizunguka sehemu moja, maji yakichemka, angalia hapo.

Ukiona pezi na kivuli, usiruke. Kujirusha kunapiga kishindo na papa anazama. Teleza kutoka ubavuni mwa boti, uso ndani ya maji kabla ya mwili, na ubaki umelala. Kanuni inayotumika sana ni mita 3 kutoka mwilini na mita 4 kutoka mkiani, watu wasizidi 10 majini, na hakuna kumgusa wala kumzibia njia. Anapokuja usoni kwako moja kwa moja, mdomo wazi kabisa, moyo utadunda, ni kawaida. Yeye anachuja uduvi tu. Sogea pembeni taratibu kwa mapezi mawili matatu umpishe, na hapo anapopita ubavuni ndo unapiga. Usibane pumzi ukapanic, pumua ndefu, mikono usiitumie kabisa, mapezi yasitoke juu ya maji.

Picha ya kwanza piga ubavu wa kushoto, nyuma ya matundu ya mashavu mpaka mwisho wa pezi la ubavuni. Nitaeleza kwanini huko chini. Alafu ndo utafute jicho, mdomo, wale samaki wadogo wanaomsindikiza. Ukibahatika utamkuta amesimama wima, mkia chini mdomo juu, anavuta maji kama pampu. Hapo kaa ulipo, anaweza kukaa hivyo dakika nyingi.

Hatua ya 7: kasa, pomboo, pweza

Kasa utamkuta kwenye majani ya bahari anakula. Usimfuate kwa nyuma na usimkalie juu, yeye lazima apande kuvuta hewa na ukimziba unamuumiza. Kaa pembeni, usawa wake, uangalie pengine. Akizoea kwamba humtazami ataendelea kula. Akipanda, panda naye kwa mbali, akitoa kichwa piga picha nusu maji nusu anga, ni picha nzuri kuliko zote na haihitaji kina.

Pomboo nawaomba tupunguze. Mchana wanapumzika, wanazungukazunguka pamoja taratibu, na ukikuta boti sita zimewazunguka basi yako isiwe ya saba. Wakitaka kucheza watakuja wenyewe mbele ya boti.

Pweza ndo kipenzi changu, na namna ya kumpata nilifundishwa na akina mama wanaovua kwa fimbo. Usimtafute pweza, tafuta takataka zake. Nje ya shimo lake kuna magamba ya kaa na kombe zilizoliwa juzi, safi, hazijaota ukoko, na vijiwe vimepangwa mlangoni. Ukishaliona shimo kaa mita 2 utulie dakika 5, hata 10. Kwanza utaona jicho. Alafu atabadilika rangi, kahawia, kijivu, madoa, akikupima. Usimchokoe na kijiti atoke, kwanza akishaumia atahama shimo. Na wanakijiji wakiwa wamefunga mwamba ili pweza wakue, heshimu, uliza kama kupita na kamera kunaruhusiwa.

Usisimame juu ya matumbawe hata sekunde moja, na usinyanyue kiti cha pweza (yule kiumbe mwenye umbo la nyota) juu ya maji kwa ajili ya picha. Mikono ikae kwenye kamera, kuna samaki anayefanana kabisa na jiwe na miiba yake ina sumu kali. Akikuchoma, maji ya moto kadri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, loweka nusu saa na zaidi, na uelekee hospitali hukohuko ukiwa unaloweka.

Hatua ya 8: ukirudi nchi kavu

Usifungue hausingi hapohapo. Loweka kwenye ndoo ya maji matamu nusu saa, bonyeza vitufe vyote humo ndani chumvi itoke. Visiwani bomba nyingi zina maji ya chumvichumvi, ionje kwanza, ikiwa hivyo malizia na lita moja ya maji ya dukani. Kausha kivulini.

Sasa zile picha za ubavu wa kushoto. Madoa ya papa potwe ni kama alama za vidole, hakuna wawili wanaofanana, na mwaka 2005 watafiti walichapisha namna ya kuyalinganisha kwa hesabu zilizotoka kwa wanasayansi wa anga wanaolinganisha ramani za nyota. Picha yako unaituma kwenye tovuti ya Sharkbook na tarehe na mahali, na mfumo unatafuta kama huyo papa ameshaonekana kabla. Papa potwe yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka tangu 2016, kwahiyo picha yako ya simu ina kazi kuliko unavyodhani. Ila picha za kiota cha kasa au za nguva, usitaje mtandaoni ulizipiga wapi, wapo watu wabaya.

Kabla hujaziweka popote, mwoneshe nahodha. Yule mzee wangu amewaona papa potwe maisha yake yote, lakini kwa juu tu, pezi na mgongo. Nilipomwonesha jicho, dogo vile kwenye kichwa kikubwa vile, alishika simu kwa mikono miwili akakaa kimya muda mrefu, alafu akaniuliza kama naweza kuitoa karatasi awapelekee wajukuu. Nikaisafisha pale mjini nikampa. Kesho yake saa kumi na moja na nusu alfajiri simu ikaita: uduvi umeonekana, njoo.